Zamu ya Nyumba ya Sita

Oyuna alichokuwa amechoka nacho hapa Osaka ni kimoja tu: kusifiwa. Ilikuwa miaka kumi na mmoja tangu atoke Mongolia. Katika duka la dobi karibu na stesheni alikuwa amewanyooshea mashati nusu ya wanaume wa mtaa, lakini bado kila akishika vijiti vya kulia hakosekani mtu wa kushangaa: "Lo, Bi Oyuna, unavitumia vizuri!" Akisema leo kuna baridi, anaambiwa Kijapani chake ni safi. Yeye huinamisha kichwa na kutabasamu, huku moyoni akisema hata mtoto wa chekechea anajua kusema kuna baridi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Oyuna alilitaka jembe lake, na alijua lilipo. Kichochoro chao kilikuwa na nyumba tisa, na jalada la matangazo ya mtaa lilipita mlango kwa mlango. Unasoma, unagonga mhuri wako, unalitundika kwa jirani. Pamoja na jalada ilikwenda zamu ya taka: wiki nzima unatandaza wavu juu ya mifuko na kuubana kwa mawe ili kunguru wasiichane, kisha gari likishapita unafagia. Mwenye zamu huning'iniziwa kibao kidogo mlangoni. Yeye alikaa nyumba ya sita, na kwa miaka mitatu alisikia jalada likitoka nyumba ya tano, likimpita, likaenda ya saba. Mhuri wenye jina lake alikwisha kuuchongesha zamani. Ulikaa kabatini, haujawahi kuguswa na wino.

Jumatatu moja aliamka kwa kelele za kunguru. Zamu ilikuwa ya Bi Hirose wa nyumba ya tano, mwanamke wa miaka sabini na minne, mwenye blauzi za madoa ya chui na peremende mfukoni za kumgawia kila anayekutana naye. Siku hiyo hakutokea. Wavu ulikuwa umekunjwa vilevile, na kunguru walikuwa wamepasua mifuko. Vichwa vya samaki na majani ya chai vilikuwa vimetapakaa njia nzima. Oyuna aliona mapazia yakisogea, moja, mawili, matatu. Kila mtu aliona na hakuna aliyetoka. Kuishika kazi ya Bi Hirose ni kuutangazia mtaa mzima kwamba bibi ameshindwa, na nani angethubutu kumvunjia heshima? Basi wakaiheshimu ile takataka mpaka inzi wakafika.

"Heshima gani hii!" Oyuna alisema peke yake, akavaa glavu.

Alizoa, akafagia, akatandaza wavu. Gari la taka likaja likipiga wimbo wake, likabeba, likaenda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa kichochoro kile angelifanya hata kwa kulipwa. Alikwenda mlangoni kwa Bi Hirose, akakitoa kibao cha zamu, akakitundika kwake.

Jioni Mzee Tokunaga wa nyumba ya saba, mtunza orodha, alibisha hodi. Macho yake yalikuwa kwenye kibao.

"Bi Oyuna, samahani sana kwa usumbufu. Hiki kimefikaje hapa?"

"Nimekitoa kwa Bi Hirose."

"Umekitoa." Mzee alivuta pumzi kwa meno. "Baada ya tano huja saba. Ndivyo orodha ilivyo."

"Sita imekwenda wapi, mzee?"

"Tuliona tusikusumbue. Wewe ni mtu wa kazi, tena umetoka mbali..."

"Nisumbueni!" Sauti ya Oyuna ilipanda kuliko alivyotaka. "Miaka mitatu naweka taka hapa. Taka zangu mnazihesabu, mimi hamnihesabu?"

Mlango wa nyumba ya tano ukafunguka, akatoka Bi Hirose akichechemea, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji.

"Bi Hirose! Umeumia?" mzee aliuliza.

"Niliteguka Jumamosi kwenye ngazi. Sikusema, nisiwasumbue." Akamgeukia Oyuna. "Kwa hiyo wewe ndiye mwizi wa zamu yangu?"

"Ndiyo, mama."

Bibi alimkazia macho. Oyuna hakuteremsha yake. Kama ni kuhama angehama, ila kibao asingekirudisha.

"Tokunaga," Bi Hirose alisema, "hiyo orodha uliandika wewe au iliteremka kutoka mbinguni?"

"Niliandika mimi."

"Basi chukua kalamu, babu wee."

Jumatano jalada lilining'inia mlangoni pa nyumba ya sita. Ndani kulikuwa na karatasi mbili: mazoezi ya zimamoto na paka aliyepotea. Oyuna alizisoma mara tatu. Akautoa mhuri, akaugonga. Jina likakaa upande.

Alhamisi alitandaza wavu akaenda kuchemsha chai. Hajamaliza kikombe, mlango ukapigwa kwa ncha ya fimbo.

"We Oyuna! Toka uone kazi yako!" Bi Hirose alifoka, na safari hii hakukuwa na "Bi". "Mawe yote upande mmoja! Unadhani kunguru wa Osaka ni wajinga? Tena umechelewa dakika tano. Nani alikufundisha kazi za kivivu namna hii?"

"Samahani sana, mama. Narekebisha sasa hivi."

"Sasa hivi ilikuwa saa kumi na mbili!"

Alipanga mawe pembe zote nne, bibi akimsimamia na kunung'unika. Hakusifiwa hata kwa jiwe moja. Aliporudi ndani alifunga mlango, akampigia simu dada yake Ulaanbaatar, na alipojaribu kusema, machozi yakamtangulia.

"Kuna nini?" dada aliuliza kwa hofu. "Wamekufanya nini hao watu?"

"Wamenigombeza," Oyuna alisema, akicheka na kulia pamoja. "Dada, leo wamenigombeza!"