Shasi Iliyorefushwa

Polio ilinichukua miguu nikiwa mtoto, kwa hiyo maisha yangu yote nimebebwa na chuma. Shasi ya baiskeli yangu ya magurudumu matatu aliichomelea marehemu papa, baba yangu, fundi wa pale mtaa wa Majengo. Alinipima kwanza mgongo na mapaja, kama fundi nguo. Kwa baiskeli hiyo nilivuka mpaka kutoka kwetu Goma kwenda Gisenyi miaka mingi na biskuti zangu za kuuza, maana sisi vilema, watoza ushuru wa duani hawakutusumbua sana.

Hilo ndilo lililomleta kwangu mama mmoja mfanyabiashara wa unga. Papa alikuwa amekwisha kufa, na biskuti zilikuwa hazitulishi tena. Yule mama akaizunguka baiskeli, akaiangalia.

"Hii shasi iko mufupi. Tutaikata, tuongeze chuma."

"Na miye nitaikala wapi, mama?"

"Weye uko mutu mwembamba. Utaenea."

Nikakubali. Fundi wake akaikata katikati, akaunga vyuma vizito. Nyuma pakaingia magunia manane. Kiti changu kikasogezwa mbele hadi magoti yakagusa usukani. Siku hiyo kilichopimwa ni gunia.

Asubuhi moja tunarudi Goma, wanaume wawili wakisukuma, pale kwenye mteremko kile kiungo cha shasi kikakatika. Nikaanguka, chuma kikanilalia paja. Mama akaja mbio.

"Unga! Muangalie unga!"

Wakashusha magunia moja moja, wakayapanga kando ya barabara, mimi nikilia chini. La nane lilipotoka ndipo wakaninyanyua.

"Mungu ni mukubwa," mama akasema. "Imepasuka moja tu."

Paja lilikuwa limevunjika. Kuja kunipa pole, hakuja. Nilisikia alisema kwamba miguu ile haikuwa ya kutembea hata hivyo. Kabla sijapona, shasi ikachomelewa tena. Akaketishwa juu yake mwanamke kilema aliyekimbia vita, anayeishi kambini Kanyaruchinya. Mke wangu akaenda kuidai.

"Ya papa yenu ilikuwa kipande tu," akajibiwa. "Chuma mingi ni yangu."

Siku hizi nauza makaa mlangoni. Yule mama hupita, hunisalimia vizuri: "Papa, habari ya nyumba?" Nami huitikia, "Muzuri, mama," kisha nampimia makaa yake, kwa kuwa ni mteja.