Mjomba aliyenipandisha lori Kasumulu, na debe la mchele aliloniuzia

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku.

Wanaonifahamu humu wanajua mimi si mtu wa kushangazwa. Hakuna kitu. Nimeendesha magari mazito mpaka Kongo, nimezima tairi linalowaka moto kwa mchanga na koti langu mwenyewe, nimefilisika, nikasimama tena. Shule niliishia darasa la tano, lakini wenye digrii zao wako ofisini kwangu wananipigia hesabu. Malori yangu mnapishana nayo barabarani, mengine mnayalaani kwa kuwachelewesha. Poleni.

Kwa hiyo nilipotoka Dar mwezi wa sita kwenda Kyela, nilijua naenda kufanya nini na nitarudi lini.

Nilichokikuta huko ndicho kimenikalisha hapa niandike. Ni kweli tupu, mwenye kubisha abishe.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Kwetu ni Ngonga, huko Kyela. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akabaki na sisi na kipande cha shamba la mpunga. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa anauza mchele pale Kasumulu mpakani. Akaja akanichukua. Nikakaa kwake, chumba kimoja na mwanawe Lusekelo, tunabeba magunia, tunavusha mzigo kwa wateja wa upande wa Malawi.

Sasa, kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mteja wa Mjomba. Akasema anatafuta kijana wa utingo.

Kwa vijana wa siku hizi: utingo enzi hizo ndicho kilikuwa chuo. Unaanza kwa kuweka kigingi chini ya tairi, unaosha gari, unalala juu ya mzigo, halafu siku moja unashikishwa usukani. Nafasi ile Mjomba alikuwa amemwombea Lusekelo. Alishamnunulia hadi viatu.

Jioni tukiwa tunakula, mke wa Mjomba, Mama Lusekelo, akasema taratibu huku anapakua wali:

"Lusekelo ana baba wa kumtafutia nafasi nyingine. Huyu hana. Aende huyu."

Mjomba akaendelea kutafuna. Nilidhani amekasirika.

Asubuhi akanikabidhi vile viatu.

Vilikuwa vikubwa, nikavijaza makaratasi, nikapanda lori. Lusekelo hakununa, na hili nataka lisomwe. Yeye ndiye alinibebea mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwetu, mpaka kwenye gari. Leo ni mwalimu huko Matema, kando ya ziwa, na akinipigia simu bado ananiita utingo.

Wakuu, kila mnachokisikia kuhusu mimi kimetokana na maneno ya yule mama, na ukimya wa yule mzee.

Nilipopata pesa nikaanza kushukuru. Nikatuma bati za nyumba nzima. Mjomba akazipeleka kanisani. Nikatuma ng'ombe, akawagawa kwa ndugu. Nikampigia simu, na hasira kidogo ilikuwepo, nisiwafiche. Akaniambia:

"Nilikulea, sikukukopesha. Ukileta malipo unanitukana."

Akakata simu. Na vocha ilikuwa yangu.

Mwaka huu Mama Lusekelo akanipigia. Alisema Mjomba kichwani ameanza kutoweka, leo yupo, kesho hayupo, nikitaka kumwona nifanye haraka. Nikaweka bahasha nene mfukoni. Nilijiambia safari hii lazima apokee kitu kutoka mkononi mwangu, hata kimoja, kabla hajaniondokea kabisa.

Ukishuka kutoka Tukuyu hewa inabadilika. Joto linakupokea, migomba pande zote, kakao imeanikwa kwenye majamvi. Ukifika chini bondeni ni mpunga mtupu, na kule mbali milima ya Matema imesimama juu ya ziwa kama ulivyoiacha. Ulikuwa msimu wa mavuno. Nikamwambia dereva azime AC, nikateremsha kioo.

Dar nanunua mchele umeandikwa Kyela. Harufu ile haimo. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeikosa miaka yote hii.

Mjomba siku hizi karudi Ngonga. Nilimkuta kakaa barazani, mbele yake debe la mchele limejaa hadi juu, na bakuli pembeni. Mama Lusekelo akanivuta kando akanieleza. Mzee anadhani bado yuko Kasumulu na biashara yake. Kila asubuhi yeye mama anamtolea debe, jioni analirudisha ndani. Majirani wakipita wanabishana naye bei, wakikaribia kuelewana wanasema wanafuata pesa nyumbani. Hawarudi.

Nikaenda nikamshika mikono yote miwili.

"Ugonile, tajiri," akanisalimia.

"Mjomba, ni mimi Asajile."

Akanitazama juu mpaka chini.

"Asajile ni mwembamba. Wewe una tumbo la mwenyekiti."

Mama Lusekelo akacheka, halafu akageukia ukutani. Nikarudia jina langu, la mama yangu, nikamtajia na yule dereva wa lori wa enzi zile. Akanisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mlevi. Mwisho akauliza, mchele nataka au sitaki?

Nikasema nautaka. Akataja elfu sabini.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitoa bahasha yote nikamwekea mkononi.

Akaipima uzito, akakunja uso, akanirudishia. "Mtu asiyebishana bei ana noti bandia. Nenda zako."

Akanigeuzia mgongo. Wakuu, mimi nimefukuzwa na matajiri na wakubwa wa vyeo, sijawahi kuumia vile.

Mama Lusekelo akasogeza kigoda na kuninong'oneza, "Kaa chini ufanye biashara, mwanangu."

Nikakaa. Nikachota mchele kiganjani nikaupuliza.

"Una chenga huu."

Mgongo ukageuka. "Chenga? Ingiza mkono mpaka chini, kisha useme tena."

"Umechanganya na wa mwaka jana."

"Pua yako imeharibiwa na moshi wa magari, tajiri."

Macho yakawaka. Alikuwa ni yeye, Mjomba mwenyewe wa Kasumulu. Nikamwambia arobaini, akashika kifua kama amechomwa. Akashuka kidogo kwa manung'uniko, nikapanda kidogo kwa manung'uniko. Nikainuka kuondoka, akaniita. Akalifunika debe, nikamsihi. Chai ikapoa. Nilitamani tusielewane kamwe.

Katikati ya mabishano akaangalia barabarani.

"Bei hii ni yako wewe," akasema. "Nina mpwa wangu, yuko safarini na malori. Yeye akija nampa bure, na mke wangu anampikia."

Nikamwuliza mbona huyo mpwa hafiki.

"Barabara mbaya. Atafika tu." Kisha akanigeukia. "Ila wewe toa hela."

Nikaendelea kubishana. Ningenyamaza angenifukuza tena.

Tulipoelewana, alilowesha kidole akahesabu noti moja moja, akazitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akachota mchele wa nyongeza kwenye bakuli, akanimiminia juu ya debe. Nyongeza ni ili mteja arudi. Halafu akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Ndaga, tajiri."

Ndaga ni asante, kwetu. Mimi ndiye nilikuwa nimekwenda kuisema.

Mama Lusekelo alinipikia wali kwa mbasa, samaki wa ziwa letu. Bahasha naye aliikataa, nikaondoka nayo. Wale wawili waliooana walilingana. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba mzee hajauza mwaka mzima, na kwamba ananishukuru kwa kumpa siku ya kazi.

Sina mengi ya kufundisha. Kama una mtu aliyekuvusha, nenda akiwa bado anaijua sura yako. Na ukifika, usije na namna yako ya kushukuru. Tazama yeye mkono anaunyoosha wapi, uweke hapo.

Sasa niwaulize, wenzangu mliolelewa na wajomba na mashangazi: mtu asiyepokea mnamshukuruje? Andikeni hapa, nitasoma zote, hata za wanaonichukia.

Debe liko jikoni Dar, mke wangu anauliza tutalipika lini, mimi nalifunika tena. Malori ninayo, nyumba ninazo. Lakini katika pesa zangu zote, ambayo Mjomba amewahi kuipokea mkononi mwangu ni shilingi elfu hamsini na sita na mia tano.