Modeli Isiyokuwa na Kilio

Siku yangu ya kwanza kazini Uvira, daktari mkuu wa zoni ya afya aliniangalia juu hadi chini, akauliza mwanamke wa hesabu atawafanyia nini watu wanaoharisha. Nikamweleza, jasho likinitoka: tunagawa watu mafungu matatu, wazima, wagonjwa na waliopona, kisha tunatafuta mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Wakizidi mmoja, kolera inapanda, wasipofika, inazimika. Hesabu hiyo ndiyo modeli. Alinipa meza kando ya frigo ya chanjo.

Nilizeekea pale, na msidanganyike, vijana: ni kazi ya woga. Robine za maji zikikauka watu wanachota ziwani, na mstari wa wagonjwa wanaotabiriwa na modeli kwenye kompyuta unanyanyuka kabla muntu yeyote hajaugua. Unaogopa peke yako.

Msimu mmoja robine zilikauka, lakini mstari ukabaki chini. Nilikuwa nimeanza kupumua, akafariki jirani wa mama yangu kule Nyamianda, bibi aliyekufa kwa uzee tu. Waombolezaji walikuja hata kutoka Luvungi, wakalala palepale, wakanawa beseni moja, wakala sinia moja. Ndipo nikashtuka. Modeli yetu ilitoka katika vitabu vya ugenini, ambako kila mtu analala kwake. Haikuwa na kilio. Nilipokiongeza, mstari ulipanda wima kama ukuta.

Nikakimbilia kwa daktari mkuu kuomba klori ya kutakasa maji. Huyu alikuwa wa pili tangu nianze kazi, mpole, lakini depo ya dawa ilikuwa karibu tupu.

“Minye siwezi kuimaliza kwa sababu ya mstari,” alisema. “Niletee mgonjwa.”

Nikaenda kumsihi mama asirudi kilioni. Nilimkuta anafunga kitenge.

“Nisipomlilia mwenzangu,” akasema, “weye utanizika na nani?”

Mtoto gani anamkataza mama yake kilio? Alienda, nami nikabaki roho mkononi.

Haukupita muda nikarudi kwa daktari, mama katikati yangu na mwenye pikipiki, macho yameingia ndani.

“Dokta, mgonjwa iko huyu. Ni mama yangu.”

Alifungua depo mwenyewe. Mama alipona. Majirani wengine tuliwazika.

Sasa nimestaafu. Kila kilio Nyamianda kina ndoo ya klori mlangoni, na watu wananisifu kwa akili. Akili gani! Kila asubuhi ninafungua robine kabla ya kusali. Ikitoa hewa tu, ninaita wajukuu wangu kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wote waitike.