Njia ya Sukari Hadi Chole

Mwalimu Elineema alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi, na ndiko kulikomponza. Siku alipofundisha kwamba neno "sukari" tumelichukua kwa Waingereza, Mize, mwanafunzi wake kutoka kisiwa cha Chole, alisimama akasema sivyo, Waingereza nao wameazima kwa Waarabu, kama sisi. Mwalimu hakujua, na kukiri kwamba hajui kukamshinda. Akamsimamisha mtoto wa watu mbele ya darasa, akamwita Profesa. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo Mize hakupanda tena mashua ya kuvukia shuleni, na wiki ikakatika.

Elineema akakosa raha. Hata chai ilimshinda, maana kila akishika kijiko cha sukari alimwona Mize pale ubaoni. Ijumaa akaenda ofisi ya hifadhi ya bahari, Utende, kulikokuwa na kamusi nene iliyoachwa na mgeni mmoja mpiga mbizi. Akasoma wima, mguu ukigongagonga sakafu. Waingereza walilipata neno kwa Wafaransa, lililotoka kwenye Kilatini, na Kilatini kililipata kwa Waarabu, waliosema "sukkar". Akafunga kitabu, akafika kwenye pikipiki, akarudi kukifungua tena. Waarabu walilitoa kwa Waajemi, nao kwa Wahindi wa kale, ambao kwao lilikuwa na maana ya changarawe. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akakimbilia Kilindoni, dukani kwa Mama Zenab, Mhindi wa Kigujarati, kununua kilo mbili, kwani hakutaka kwenda kuomba radhi mikono mitupu.

"Kigujarati mnaiitaje hii?"

"Ile ya mabonge twaita sakar. Mbona unahema hivyo, mwalimu?"

Jumamosi asubuhi akavuka kwenda Chole. Bimkubwa, bibi yake Mize, akamkaribisha barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi."

Hakukaa. Akaeleza yote haraka haraka, kisha akamgeukia Mize. "Ulikuwa sahihi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwalimu," alisema Mize, macho chini. "Lakini mie nilikuwa najua tangu siku ile. Wasiojua wako darasani."

Bimkubwa akaipokea sukari, akaenda kuteleka maji ya chai.

Jumatatu akaingia darasani kabla ya kengele kunyamaza. Chaki ilimkatikia mkononi mara mbili. Akachora njia nzima, kutoka changarawe ya Wahindi hadi kwa Waingereza, akawageukia wanafunzi.

"Mize alisema kweli. Nilimfanyia kejeli kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Hakuna aliyecheka. Mize alikuwa amesimama mlangoni, upindo wa sketi umelowa maji ya bahari. Akautazama ubao.

"Mwalimu, hapo sisi hatupo."

Elineema akageuka kutazama. Kweli, Waswahili alikuwa amewasahau. Akampa Mize chaki, akaenda kukaa kwenye dawati lake lililokuwa tupu wiki nzima, akatulia. Mize akaanzia kwa Waarabu, akavuta mstari mpaka kwao Chole.