Nilitafsiri semina ya kubana matumizi Nakivale, nikafukuzwa kabla ya saa sita

Wakuu, habari zenu. Hili limenipata mimi mwenyewe, na mashahidi wangu ni akina mama wote waliokuwa wamekaa pale.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, naishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Kiingereza nilijifunzia hapa hapa, kwa hiyo wageni wakija na semina zao huwa naitwa kutafsiri. Kibarua cha siku moja moja.

Juzi juzi akaja mtaalamu wa fedha kutoka Kampala. Alilala hotelini Mbarara, asubuhi akaletwa kwa gari la kiyoyozi mpaka kwenye vumbi letu. Mada yake: "Umaskini ni tabia."

Sitanii.

Mjue hali ilivyokuwa. Nchi tajiri zimebana bajeti zao, posho yetu ya chakula ikakatwa. Mafuta ya gari yakapanda, na bidhaa za dukani zinakuja kwa lori kutoka Mbarara, basi mafuta ya kupikia, sabuni, chumvi, vyote vikafuata. Hakuna mama aliyepigiwa simu kuombwa maoni.

Mtaalamu akawasha projekta. Akaonyesha duara lililogawanywa: hapa akiba, hapa starehe. Eti bei zikipanda duniani, mwenye nidhamu haumii. Punguza starehe tu.

Nikatafsiri, uso mkavu. Kazi ni kazi.

Mama Nabintu, anayeuza sombe, yaani kisamvu, sokoni, akasimama.

"Umwambie uyu baba, tunakulaka mara moja kwa siku. Tukate gani? Ile moja?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mtaalamu naye akacheka, bila kujua anachekea nini, kisha akaniuliza mama amesema nini.

Kazi yangu ilikuwa kulainisha. Nimelainisha semina nyingi sana, wakuu. Siku hiyo nikashindwa. Nikampa neno kwa neno, halafu nikaongeza la kwangu: "Hata mimi nauliza hivyo hivyo."

Akazima projekta. Msimamizi wa semina akanivuta pembeni: nimekosa heshima, nirudi nyumbani. Nikapewa malipo ya nusu siku.

Kinachoniuma si hicho.

Njiani nikakumbuka kwamba tangu bei zianze kupanda, mimi pia nimekuwa mtaalamu, ila wa nyumbani kwangu. Unga ukiisha kabla ya mwezi, namvaa mke wangu Esperance: hujui kupanga, unapika kama mpishi wa harusi. Mjinga mimi, sikuhitaji hata projekta.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwomba msamaha.

"Juu ya nini?"

"Juu ya bunga. Nilikuwa nakugombeza bure."

Hakuinua hata kichwa.

"Bunga ya mwezi gani?"

Nikakaa, nikaanza kuchambua naye.

Nilichojifunza: misaada ikikatwa huko mbali na mafuta yakapanda, usimtafute mchawi jikoni kwako.

Haya, mliokaa semina kama hizi, na nyie mliogombeza wake zenu kwa bei za dunia, semeni. Matusi pia napokea.