Likizo ya Mwezi wa Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa ghala, Mmisri mwenye sauti ya kukwaruza, alinipa koti zito, glavu na buti, akanifungulia mlango wa chumba cha kugandishia nyama. Nje, jua la Doha lilikuwa limeshanipasua midomo. Nilipopita pazia la plastiki, lile linalozuia ubaridi usitoke, niliona mvuke ukinitoka mdomoni. Nikasimama.

"Yalla, Tanzania! Unashangaa nini?"

"Humu ni kama kwetu, mudir."

Alicheka mpaka akakohoa. "Afrika kuna barafu? Beba maboksi!"

Kwetu Makete ipo. Mwezi wa sita na wa saba umande huganda juu ya majani, na asubuhi bonde lote huwa jeupe. Tulikwenda shule pekupeku. Njiani, hatujafika mbali na nyumbani, tulimwinua ng'ombe aliyelala, tukasimama pale alipopaacha na joto, mpaka miguu irudiwe na uhai. Mama alitufokea kutoka jikoni: "Mwacheni ng'ombe wa watu, nyie! Baridi ni yenu, siyo yake!"

Kazi yenyewe ilikuwa na taratibu zake. Mzigo ulioingia kwanza ndio hutoka kwanza. Paleti, yaani yale majukwaa ya mbao, haziegemezwi ukutani, kwa sababu hewa lazima ipite nyuma yake. Barafu ikijaa kwenye feni, mashine huzimwa iyeyuke, wala haigongwi kwa chuma. Niliizoea barafu ile, lakini haikuwa na harufu yoyote. Ya kwetu ilinuka moshi na majani.

Kila mwaka niliomba likizo ya mwezi wa sita. Kila mwaka msimamizi alijibu vilevile: "Joto likipanda, Doha nzima inataka vitu vya baridi. Wewe uondoke, nyama nimwachie nani? Nenda Januari."

Otieno, Mkenya aliyeendesha folklifti, kile kigari cha kuinulia paleti, alinitania. "Mzee, unalilia baridi na uko ndani ya friji! Si unipe hiyo koti basi?"

Basi nilikwenda Januari, wakati wa mvua. Mama alinipokea mlangoni akiitazama miguu yangu. "Umekuja tena na tope. Njoo siku moja wakati wa baridi, mwanangu, tuote moto sote." Nilimwambia nitakuja. Nilimwambia hivyo kila safari.

Alifariki mwezi wa saba. Msimamizi alikuwa ameshaondoka, na meneja mpya, Mhindi mpole, alinishika bega. "Pole sana, kaka. Lakini makontena yanaingia kesho, na watu sina." Hakuwa mtu mbaya. Watu kweli hakuwa nao. Ndugu yangu alinieleza kwa simu kwamba wachimba kaburi walingoja jua litoke, maana vidole vilikataa kushika jembe. Nilimsikiliza nikiwa nje ya ghala, jasho likinidondokea kwenye simu. Otieno alikaa pembeni yangu. Siku hiyo hakutania.

Sasa umri umefika na mkataba wangu haukuongezwa. Hatimaye mwezi wa sita ni wangu. Lakini kifua kilishaharibika. Kwa miaka yote hiyo nilitoka kwenye barafu nikaingia kwenye jua kali, nikarudi tena ndani mara nyingi kwa siku. Daktari alinisikiliza mgongoni, akasema nisiishi tena mahali pa baridi, nikitaka kuendelea kupumua.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza nina lipi la kuwaambia. Nawaambia wakaushe jasho kabla ya kuingia ndani, na wasione aibu kuvaa koti kila mara. Halafu nainuka, nakwenda zangu. Wanadhani nimechoka.

Juzi mwanangu alinipigia kutoka Dar es Salaam.

"Baba, chumba chako kipo tayari hapa Mbagala. Nimeweka na feni."

"Kaburi la bibi yako nitalionaje?"

"Tutakwenda Januari, baba. Kipindi hicho kifua chako kitastahimili."

Hajakosea. Amefanya anachopaswa kufanya mtoto. Nikamuuliza mwezi wa saba huko Mbagala hali huwaje.

"Ah, kunakuwa na kaubaridi, baba. Asubuhi watu wengine wanavaa mpaka sweta."

Nikamwambia asante, nitafurahi.