Mtihani wa Hansa Wiki ya Harusi

Hansa alizaliwa Tanga, akaolewa Tanga, akazeekea nyuma ya kaunta ya duka la vyakula Hounslow, kwa Waingereza, na muda wote huo alikuwa na kiu moja tu: shahada. Alipomaliza shule, baba yake alimwambia vyuo vya India ni vichache na nafasi ni za kugombania, kwa hiyo wasome wavulana kwanza. Wavulana wakasoma. Zamu yake ikapotelea njiani.

Basi mwaka 1998 binamu yake akapiga simu kutoka Gujarat, India, na habari za kushangaza. Vyuo vimechipuka kama uyoga! Kila tajiri wa pamba anafungua chuo cha uhandisi, na hata ule mji mdogo wa babu yao una chuo sasa. Tena kinapokea wanafunzi wa mbali: unasomea nyumbani, unakwenda kule kufanya mtihani. Hansa alijiandikisha juma lilelile.

Akasoma historia katikati ya wateja. Ukitaka bamia, sharti usubiri amalize ukurasa. Mumewe Suresh, mtu mwema lakini mwoga wa maneno ya watu, alicheka tu, akidhani ni moto wa mabua.

Kumbe si wa mabua. Mtihani wa mwisho ukapangwa Mei 2001, na harusi ikaangukia juma hilohilo. Wala si harusi ya jirani, ni ya binti wa Bharti, dada mkubwa wa Suresh, kule Hayes. Kwa Wagujarati, mjomba wa bibi harusi na mkewe huingia ukumbini na masinia ya zawadi, sari na dhahabu, watu wote wakitazama. Mke wa mjomba asipoonekana, watu watasema mpaka wachoke.

"Utaniaibisha," Suresh alilalamika. "Niingie na masinia peke yangu kama mgane? Mtihani si unarudiwa mwakani?"

"Mwakani nako kutakuwa na harusi. Suresh, nimengoja tangu Tanga."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini moyoni alikuwa na hofu. Alimpenda sana Bharti, na alimwogopa zaidi. Akapiga moyo konde, akapanda basi hadi Hayes amwambie mwenyewe. Walizungumza Kiswahili, lugha yao ya kuwaficha watoto mambo, ingawa watoto walielewa kila neno.

"Wifi, mimi nina exam India. Wiki ya harusi."

Bharti akaweka chini kisu alichokuwa akikatia mboga. "Exam ya nini?"

"Ya mwisho. Nikipass, nina degree."

Hansa akajiandaa kutukanwa. Badala yake wifi yake akafungua friji, akatoa mtindi, akaukoroga na sukari. Kwao, anayekwenda kwenye mtihani hulishwa kijiko cha mtindi huo ili apate heri.

"Bhartiben, dada yangu, safari bado."

"Nyamaza. Nimewakorogea kaka zangu, nimewakorogea wanangu. Huyo Suresh nilimlisha, na bado akafeli! Mimi sijalishwa hata siku moja. Wewe je?"

Hansa akatikisa kichwa.

"Basi fungua mdomo. Masinia atabeba Suresh, na akiulizwa mkewe yuko wapi, ajibu kwa sauti."

Hansa akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Akafungua mdomo. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kilikuwa kijiko chake cha kwanza.